Ishara ya fosfolipidi isipoonekana: kutafuta kosa kwenye vipimo vya PIP2, kalsiamu, Akt na Annexin V

Fosfolipidi za utando wa seli si ukuta tu. Chache kati yake ndizo ujumbe wenyewe. Fosfatidilinositoli yenye fosfeti mbili za ziada, PIP2, ni takribani asilimia 1 tu ya fosfolipidi za utando wa nje. Hata hivyo homoni ikishika kipokezi chake, kimeng'enya PLC huikata PIP2 vipande viwili. IP3 huenda kwenye saitoplazimu na kufungua milango ya kalsiamu ya retikulamu, hifadhi ya kalsiamu iliyo ndani ya seli. DAG hubaki ndani ya utando na kukivuta kimeng'enya PKC. Kimeng'enya kingine, PI3K, hakiikati PIP2 bali huiongezea fosfeti nyingine, ikawa PIP3, na kimeng'enya Akt huja kujishika hapo. Fosfatidilserini (PS) kazi yake ni tofauti: katika seli yenye afya hufichwa upande wa ndani wa utando, na ikijitokeza nje, seli za ulinzi huisoma kama ruhusa ya kumeza.

Mwaka 1953 Mabel na Lowell Hokin waliweka asetilikolini kwenye vipande vya kongosho la njiwa wakakuta fosforasi yenye mnururisho ikiingia kwa kasi kwenye fosfolipidi. Hadi ithibitike kwamba IP3 ndiyo inayotoa kalsiamu kwenye hifadhi ya ndani ilishafika 1983. Ugumu wa wakati ule haujaondoka: molekuli ni chache, zinadumu sekunde au dakika, na lipidi haishikiki kwa mbinu tulizozoea kwa protini. Makosa mengi tunayoyaeleza hapa yanatokana na mojawapo ya mambo hayo matatu.

Anzia mwisho wa mnyororo

Jaribio likikataa, usibadilishe kichochezi, plasmidi na bafa kwa siku moja. Utapata jibu usilojua limetoka wapi. Chukua seli za HEK293 au HeLa (seli za binadamu zinazokuzwa maabara) zilizopakiwa kipimo cha kalsiamu cha Fluo-4, tumia visima vinne tofauti, na upime hivi:

1. Bafa tupu, ujazo uleule wa kichochezi. Pasitokee kitu.
2. Kichochezi chako.
3. Kichochezi ambacho seli hizo zinajulikana kukiitikia: ATP 100 µM kwa HEK293, histamini 100 µM kwa HeLa.
4. Ionomisini 2 hadi 5 µM, kukiwa na kalsiamu 2 mM nje ya seli. Hii huingiza kalsiamu bila kuhitaji kipokezi.

Kisima cha nne kikikataa, tatizo ni rangi (Fluo-4) au hadubini. Fosfolipidi haijaingia kwenye kesi bado. Cha nne kikiitika na cha tatu kikakataa, seli ni dhaifu, hifadhi ya kalsiamu ni tupu, au PLC imezuiwa. Cha tatu kikiitika na cha pili kikakataa, angalia kipokezi na kichochezi chenyewe. Cha kwanza kikiitika, usisome matokeo mengine yoyote ya siku hiyo.

Bafa inayofaa kwa haya yote: NaCl 140, KCl 5, CaCl2 2, MgCl2 1, glukosi 10 na HEPES 10, zote kwa mM, pH 7.4. Isiwe na seramu wala fenoli nyekundu.

Dalili: hata ionomisini haiwashi kitu

Fluo-4 AM huingia kwenye seli kwa sababu imevikwa esta. Ikipata unyevu, esta hukatika ndani ya kichupa na rangi haiingii tena. Pwani, ambako hewa yenyewe ni maji, hili ndilo la kwanza kushuku. Yeyusha kwenye DMSO kavu hadi 1 hadi 5 mM, gawa kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja, hifadhi kwenye −20 °C pamoja na dawa ya kufyonza unyevu, na usifungue kichupa kabla hakijafikia joto la chumba. Ukifungua kingali cha baridi, umande unaingia mbele ya macho yako.

Kiasi cha kupakia ni 1 hadi 5 µM pamoja na Pluronic F-127 asilimia 0.02, dakika 30 hadi 45 gizani. Kisha osha, ziache seli dakika 20 hadi 30 nyingine ndani ya bafa bila rangi ili esta ikatike ndani ya seli. Wengi wanaruka hatua hii ya mwisho, halafu wanalalamika kwamba kilele ni kifupi: sehemu ya rangi ilikuwa bado haioni kalsiamu.

Dalili: mng'ao wa juu tangu mwanzo, au vidoa vidoa ndani ya seli

Rangi imeingia kwenye viungo vidogo vya ndani badala ya kubaki kwenye saitoplazimu. Joto huharakisha hali hii. Maelekezo yanaposema "joto la chumba" yanamaanisha 20 hadi 25 °C. Maabara ya Mombasa au Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi huwa na nyuzi 30 na zaidi mchana wa Februari, kwa hiyo punguza muda wa kupakia au weka sahani mahali penye joto linalodhibitiwa. Ikiwa mng'ao unapungua polepole na bafa inazidi kung'aa, seli zinaisukuma rangi nje kupitia visafirishaji vya anioni. Probenesidi 1 hadi 2.5 mM kwenye kupakia na kwenye bafa huzuia hilo. Iyeyushe kwanza kwenye NaOH kidogo, kisha rekebisha pH, la sivyo utakuwa umezipa seli asidi au magadi.

Dalili: bafa tupu nayo inapandisha kalsiamu

Hapa mara nyingi seli zinajichochea zenyewe. Ukimimina kwa nguvu, mtikisiko huzifanya zitoe ATP, na ATP hiyo hushika vipokezi vya P2Y vya jirani zake, ambavyo navyo hupitia PLC na PIP2. Kwa hiyo unachokiona ni ishara halisi ya fosfolipidi, ila chanzo ni mkono wako. Elekeza ncha ya pipeti kwenye ukuta wa kisima, ongeza ujazo mdogo kwa upole, na acha seli zitulie dakika 10 kabla ya kuanza. Ukitaka uhakika, weka apirasi, kimeng'enya kinachovunja ATP: kilele cha bafa tupu kikitoweka, umempata mhalifu.

Sababu ya pili ni seramu iliyobaki. Seramu ina asidi ya lisofosfatidi (LPA), nayo ni fosfolipidi yenye vipokezi vyake juu ya utando. Tone dogo la midia ya zamani (maji ya kukuzia seli) linaweza kuwasha kisima kizima, au likavichosha vipokezi kabla kichochezi chako hakijafika. Osha mara mbili kwa bafa.

Dalili: kilele kinakuja, lakini umbo lake si la kawaida

Kwa kawaida kuna kilele kirefu cha haraka, halafu uwanda wa chini unaodumu. Kilele ni kalsiamu ya hifadhi iliyofunguliwa na IP3. Uwanda ni kalsiamu inayoingia kutoka nje baada ya hifadhi kupungua. Rudia jaribio kwenye bafa isiyo na kalsiamu yenye EGTA 1 mM, kemikali inayokamata kalsiamu: kilele kikibaki na uwanda ukatoweka, njia ya PIP2 inafanya kazi. Vyote viwili vikitoweka, kichochezi chako kinafungua mlango wa utando wa nje na huenda PLC haihusiki. Usizikalishe seli kwenye EGTA zaidi ya dakika chache kabla ya kupima, kwa sababu hifadhi huvuja na utajidanganya.

Dozi ya pili ikitoa jibu dogo kuliko ya kwanza, si hitilafu. Kipokezi kimechoka na hifadhi haijajaa. Kwa mchoro wa dozi tumia kisima kipya kwa kila dozi.

Dalili: kalsiamu inapanda vizuri, lakini pete ya PH haisogei

Kiashiria kinachotumika sana kwa PIP2 ni kipande cha PH cha PLCδ1 (sehemu ya protini inayoshika PIP2, si pH ya asidi) kilichounganishwa na GFP, protini inayong'aa kijani. Kwenye hadubini ya konfokali, seli iliyotulia inaonekana kama pete: ukingo unang'aa, katikati ni hafifu. Kichochezi chenye nguvu kikifika, ndani ya nusu dakika hivi ukingo unafifia na katikati kunajaa mwanga. Ukikiondoa, pete hurudi baada ya dakika chache, kadiri vimeng'enya vinavyotengeneza PIP2 mpya.

Pete isiposogea ilhali kalsiamu imepanda, sababu ya kwanza haina kosa lolote ndani yake. IP3 kidogo sana inatosha kufungua hifadhi ya kalsiamu, na seli inaweza kuitoa bila kupunguza akiba yake ya PIP2 kwa kiasi kinachoonekana. HEK293 zina kipokezi cha muskarini cha kuzaliwa nacho, lakini ni kichache. Kabakoli 100 µM, kichochezi cha kipokezi hicho, itakupa kalsiamu nzuri na pete ileile. Ongeza plasmidi (DNA ya kuingizwa kwenye seli) ya kipokezi cha M1, aina mojawapo ya muskarini, na utaona tofauti kwenye seli zilezile.

Sababu ya pili ni kiashiria kuzidi. Kila PH iliyoshika PIP2 inaikinga isikatwe, na seli iliyojaa kiashiria hupoteza hata kilele chake cha kalsiamu. Kwa sahani ya mm 35 jaribu 0.2 hadi 0.5 µg za plasmidi, piga picha baada ya saa 16 hadi 24, na chagua seli hafifu. Jicho hupenda seli inayong'aa zaidi, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Afadhali kuongeza nguvu ya kigunduzi kidogo kuliko kupima seli iliyofungwa mikono.

Tatu, hadubini. Kwa hadubini ya mng'ao ya kawaida, mwanga wa juu na chini ya seli huchanganyika na pete haionekani hata ikiwepo. Tumia konfokali na kata katikati ya kimo cha seli, usikate karibu na kioo. HEK293 hung'oka kwa urahisi, hivyo paka kioo poli-L-laisini ya 0.1 mg/ml na uoshe vizuri.

Ili ujue kiashiria chenyewe kinaweza kusogea, malizia na ionomisini 5 hadi 10 µM kukiwa na kalsiamu 2 mM. Kalsiamu nyingi huiwasha PLC moja kwa moja, na pete inapaswa kuvunjika. Kumbuka hili pia kwa upande mwingine: ionomisini uliyoitumia kama kontroli ya rangi inakula PIP2, kwa hiyo isitangulie kipimo cha PIP2 kwenye sahani hiyohiyo.

Na kama unaona mabaka yenye mwanga zaidi kwenye ukingo, usikimbilie kusema PIP2 imejikusanya. Utando uliokunjamana huonekana hivyo kwa sababu kuna utando mwingi zaidi mahali pale. Weka pamoja kiashiria cha pili kinachoshika utando wote, kwa mfano mCherry yenye mkia wa farnesili, kisha gawanya picha ya kwanza kwa ya pili. Baka likitoweka kwenye uwiano, lilikuwa kunyanzi.

Pete imesogea: PIP2 imeisha, au IP3 imejaa?

Swali hili limeharibu tafsiri nyingi. PH ya PLCδ1 hushika IP3 kwa nguvu kuliko inavyoshika PIP2. IP3 ikipanda kwenye saitoplazimu, inaweza kuiondoa PH ukingoni hata kama PIP2 ingali ipo. Pete iliyofifia inakuambia PLC imefanya kazi. Haikuambii ni PIP2 kiasi gani imebaki.

Ukihitaji jibu la PIP2 peke yake, tumia kipande cha protini ya Tubby, ambacho hakivutwi na IP3 kwa kiasi hicho. Ukihitaji kuthibitisha ukataji, tumia kipande cha C1 cha PKC, ambacho hushika DAG: hiki huenda kinyume, kutoka katikati kwenda ukingoni. Viashiria viwili vikienda pande mbili tofauti kwa wakati mmoja, hoja yako ina miguu.

Dalili: kingamwili ya PIP2 inatoa madoa, au haitoi kitu

Kosa la msingi ni kuitendea lipidi kama protini. Formaldehaidi hushika vikundi vya amini. Fosfatidilserini na fosfatidiletanolamini zinavyo, PIP2 haina. Baada ya dakika 15 za formaldehaidi protini zako zimetulia, lakini PIP2 bado inatembea ndani ya utando. Ukiongeza Triton X-100, utando wa nje unatobolewa na kuchotwa, na lipidi iliyobaki hujikusanya vidoa. Vidoa hivyo vinapendeza machoni, tena vinarudiwa kila jaribio, ndiyo maana vinaaminika isivyostahili. Methanoli baridi ni mbaya zaidi, kwani huyeyusha fosfolipidi zenyewe.

Njia inayolinda PIP2 ya utando wa nje ni hii:

Gandisha seli kwa kemikali, si kwa baridi: formaldehaidi asilimia 4 pamoja na glutaraldehaidi asilimia 0.2, dakika 15. Osha mara tatu kwa PBS yenye NH4Cl 50 mM, ili aldehaidi iliyobaki isiwashe picha yote. Weka sahani juu ya barafu. Kuanzia hapa kila kitu kiwe cha baridi, pamoja na bafa na kingamwili. Toboa na ziba kwa saponini asilimia 0.5 na seramu ya mbuzi asilimia 5, dakika 45. Kingamwili ya kwanza saa moja, ya pili dakika 45, zote zikiwa na saponini asilimia 0.1. Malizia kwa formaldehaidi asilimia 2, dakika 10 juu ya barafu, ndipo urudishe kwenye joto la chumba.

Saponini hutoboa kwa muda tu. Ukiiacha nje kwenye hatua ya kingamwili, matundu hujifunga na kingamwili hubaki nje. Picha nyeusi kabisa mara nyingi ni hii. Sababu nyingine ya picha nyeusi ni ndogo na inaudhi: kingamwili maarufu ya PIP2, 2C11, ni IgM ya panya. Kingamwili ya pili inayotambua IgG peke yake haitaiona. Soma lebo ya zote mbili kabla ya kulaumu seli.

Kwa kontroli, changanya kingamwili ya kwanza na liposomu zenye PIP2 kabla ya kuitumia. Mwanga unapaswa kushuka. Kontroli nyingine ni seli zilizopewa ionomisini 10 µM na kalsiamu kabla ya kugandishwa.

Dalili: kizuizi cha PLC hakizuii, au kinazuia kila kitu

U73122 imetumika sana, na tunashauri usiitegemee peke yake. Ina kikundi cha maleimidi kinachoshambulia sisteini yoyote, kwa hiyo seramu au DTT kwenye bafa huimaliza kabla haijafika kwenye seli, na isipomalizwa hugusa vitu vingine vingi, pamoja na pampu ya kalsiamu ya retikulamu. Ukiona kalsiamu inapanda taratibu mara tu baada ya kuiweka, hifadhi inavuja, na kichochezi kitakapokuja kitakuta ghala tupu. Hapo utaandika "PLC imezuiwa" na si kweli. Mwenzake asiyefanya kazi, U73343, hana maleimidi ileile, kwa hiyo halindi dhidi ya kosa hili.

Kama kipokezi chako kinatumia Gq, protini ya G inayoamsha PLC, YM-254890 1 µM hufunga Gq yenyewe na husomeka kwa urahisi zaidi. Kama unashuku Gi, protini ya G ya aina nyingine, sumu ya kifaduro 100 ng/ml usiku kucha huizima. Jibu likipungua kwa sumu hiyo, PLC yako inaamshwa na vipande vya beta na gama vya Gi.

IP1 haipandi

IP3 huvunjwa ndani ya sekunde, hivyo wengi hupima IP1, mabaki yake yenye fosfeti moja, na IP1 hujikusanya tu kama lithiamu imezuia kimeng'enya kinachoondoa fosfeti ya mwisho. LiCl iwepo kabla ya kichochezi: 10 mM, dakika 10 hadi 15 mapema kwa njia ya inositoli yenye tritiamu, vifurushi vya mng'ao kwa kawaida hutumia 50 mM ndani ya bafa ya kuchochea. Mstari ulionyooka kama rula karibu kila mara ni lithiamu iliyosahaulika. Msingi ulio juu bila kichochezi unaonyesha seramu, au kipokezi kinachojiwasha chenyewe kwa sababu umekiweka kwa wingi.

Dalili: Akt ina fosfeti tangu mwanzo, au haipati kabisa

Uliza kwanza ni seli gani. Kimeng'enya PTEN ndicho kinachoiondolea PIP3 fosfeti na kuirudisha kuwa PIP2. PC-3, LNCaP, U87MG na Jurkat hazina PTEN inayofanya kazi. Hizo zitakuwa na Akt yenye fosfeti hata ukizinyima seramu wiki nzima, na insulini haitaongeza kitu cha maana. Badilisha seli, usibadilishe kingamwili.

Kwa seli zenye PTEN, ondoa seramu saa 16, kisha insulini 100 nM dakika 5 hadi 10. Baada ya hapo kila sekunde ina thamani: sahani kwenye barafu, nyonya midia, weka bafa ya kuvunjia yenye NaF 50 mM na vanadeti 1 mM papo hapo. Vanadeti ambayo haikuchemshwa kwenye pH 10 hadi ikakosa rangi haizuii fosfatasi ipasavyo. Utando wa bloti uzibe kwa BSA (albumini ya ng'ombe) asilimia 5 badala ya maziwa, maana kaseini yenyewe imejaa fosfeti na huweza kuongeza uchafu kwenye picha. Pima Thr308 na Ser473, sehemu mbili za Akt zinazopokea fosfeti, zote mbili. Fosfeti ya kwanza inawekwa na kimeng'enya PDK1 na ya pili na mTORC2, kwa hiyo Ser473 ikishuka peke yake, PIP3 inaweza kuwa haina hatia.

Wotmanini, kizuizi cha PI3K, 100 nM, dakika 15 hadi 30 kabla, inapaswa kufuta jibu. Isipofuta, jua kwamba haidumu ndani ya midia. Iliyochanganywa asubuhi haifai mchana. Na usiongeze dozi hadi mikromola kadhaa ili kulazimisha matokeo, kwani huko inaanza kuzuia PI4K, kimeng'enya kinachoandaa malighafi ya PIP2, na akiba ya PIP2 yenyewe inakauka.

Doa la PIP2 halionekani kwenye kromatografia ya sahani nyembamba

Uchujaji wa kloroformu na methanoli bila asidi huiacha PIP2 kwenye maji au kwenye tabaka la katikati, kwa sababu ina chaji nyingi hasi. Tia HCl kwenye mchanganyiko. Tumia tyubu za kioo, kwani kloroformu huyeyusha polistireni. Chovya sahani ya silika kwenye potasiamu oksaleti asilimia 1 na uikaushe kwenye oveni kabla ya kupaka sampuli, ili kalsiamu ya silika isishike PIP2 pale chini. Kiyeyushi cha kloroformu, asetoni, methanoli, asidi ya asetiki na maji kwa uwiano wa 80:30:26:24:14 hutenganisha vizuri. Fanya yote ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Annexin V: kila seli inang'aa, au hakuna hata moja

Annexin V ni protini inayoshika PS kwa daraja la kalsiamu. Hakuna kalsiamu, hakuna kushika. Bafa iwe HEPES 10 mM, NaCl 140 mM na CaCl2 2.5 mM, pH 7.4, seli 100,000 katika 100 µl, Annexin 5 µl, dakika 15 gizani, na usome ndani ya saa moja. Usitumie PBS kwa sababu fosfeti hukamata kalsiamu na kutengeneza mashapo meupe.

Hakuna seli inayong'aa: kwa kawaida ni EDTA, inayokamata kalsiamu, iliyobaki kutoka kwenye tripsini ya kung'olea seli. Osha mara mbili, 300 g dakika 5. Au umemwaga midia ya juu. Seli zinazokufa huelea, na hizo ndizo ulizokuwa unazitafuta. Zikusanye pamoja na zilizong'olewa.

Kila seli inang'aa: utando umechanika. Kukwangua kwa plastiki, tripsini iliyokaa muda mrefu, au kugandisha seli kabla ya kupaka, vyote humruhusu Annexin kuingia na kukuta PS ya ndani, ambayo ni nyingi katika kila seli iliyo hai. Ndiyo sababu propidiamu iodidi, rangi inayoingia kwenye seli zilizochanika tu, haikosekani. Seli yenye rangi zote mbili imekufa, lakini haijakuambia imekufaje. Pima kwa saa 2, 4, 8 na 24: kundi la Annexin peke yake likitangulia kuonekana, ni kifo cha kupangwa. Kama kontroli tumia stauosporini 1 µM saa 4, na sampuli moja yenye EDTA 5 mM ambayo inapaswa kuzima mwanga wote wa Annexin. Mwanga usiozimwa na EDTA haukuwa wa PS.

Kuna hali moja ambayo hudanganya hata waliozoea. PS hutoka nje kwa milango miwili. Xkr8 hufunguliwa na kaspasi, vimeng'enya vya kifo cha kupangwa, wakati wa kifo. TMEM16F hufunguliwa na kalsiamu tu, na seli haifi; chembe sahani za damu huitumia ili kugandisha damu, na wenye kasoro ya TMEM16F, yaani ugonjwa wa Scott, hutokwa damu kupita kiasi. Kwa hiyo dawa yako ikiwa inapandisha kalsiamu kwa nguvu, kama ulivyoona kwenye Fluo-4, Annexin inaweza kuwaka bila kifo chochote. Rudia ukiwa umeweka kizuizi cha kaspasi, z-VAD-fmk 20 µM. PS ikiendelea kutoka ilhali kaspasi zimezimwa, ondoa kalsiamu ya nje wakati wa matibabu, irudishe wakati wa kupaka tu, na usome upya.